Kaure si ya wageni peke yao: dhana zinazonichosha, na ukweli wake

Mteja ananunua bakuli kwangu hapa Lubumbashi, analifunga kwa magazeti na vitambaa, na baada ya wiki mbili nasikia liko sebuleni nyuma ya kioo, karibu na picha ya harusi. Bukari na sombe vinaendelea kuliwa kwenye sahani ya plastiki iliyokwaruzika mpaka rangi imetoka. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mama, ile ni laini, ni ya wageni." Mimi natengeneza vyombo vya kulia na kunywea, vyeupe, bila maua wala mstari wa dhahabu. Sitengenezi mapambo.

Basi tuanze na hiyo, kwamba kaure ni dhaifu na mahali pake ni kabatini.

Kaure ni kaolini, yaani udongo mweupe, pamoja na feldspa na kwatzi, ambazo ni mawe yaliyosagwa. Tanuru likifika nyuzi 1,280 hivi, feldspa imeyeyuka na kujaza nafasi zilizobaki kati ya chembe, na likipoa unatoa kitu kilichoshikana mwili mzima, nusu jiwe nusu kioo. Chungu cha kawaida, ambacho hakijafika hata nyuzi 1,000, kinanyonya maji, na mara nyingi uzito wake unaongezeka kwa asilimia 10 au zaidi. Kaure iliyoiva vizuri haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana haibaki na harufu ya samaki, na mafuta ya mawese yanatoka kwa maji ya moto na sabuni kidogo.

Asiyeamini ainue macho barabarani. Vile vikombe vya rangi ya kahawia vinavyoshika nyaya juu ya transfoma, vingi ni kaure, na vinapigwa na jua na mvua miaka nenda miaka rudi. Au amuulize ndugu yake anayefanya kazi laboratwari ya mgodi wanachomea sampuli ndani ya nini. Utaambiwa ni vikombe vidogo vyeupe vya kaure. Hakuna anayevifungia kabatini.

Kinachowadanganya watu ni wembamba. Ukuta wa bakuli langu una milimita 3, na ukilielekeza dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Chungu chenye wembamba huo kingekufia mikononi. Kaure inaweza kuwa nyembamba kwa sababu ina nguvu. Sisemi haivunjiki. Ikianguka kwenye sementi inavunjika, haijui kupinda kama bati. Lakini adui zake wa kila siku ni wengine: ukingo kugonga bomba ukiosha, moto wa ghafla, na jinsi unavyozipanga.

Hili la kupanga nalisema kila siku. Geuza sahani uangalie chini. Utaona duara lisilong'aa, halina glezi. Siyo kwamba fundi alisahau. Glezi ni kioo, ikiyeyuka tanuruni ingegandisha sahani kwenye kibao, kwa hiyo tunaifuta pale inapokaa. Duara hilo linabaki kavu. Mimi nalisugua kwa jiwe mpaka lilainike, lakini sahani nyingi za sokoni hazisuguliwi, na ukipitisha ukucha utasikia unakwaruza. Sasa, sahani kumi na mbili zimebanana kabatini, Krismasi imefika, mama ana haraka, anaivuta ya katikati. Duara la juu linachora glezi ya chini, na ukingo unagonga mwenzake. Vipande ninavyoletewa nitazame kama vinatengenezeka, vingi vilivunjikia huko huko kwenye kabati la heshima, siyo mezani. Inua sahani, usiivute. Na ukiitumia kila siku mkono unaizoea.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu ikishuka, kikombe kinalala kwenye dirisha na kuwa baridi kabisa. Suuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, ndipo umimine chai inayochemka. Kitendo cha sekunde tatu.

Upande wa pili kuna wanaoniamini kupita kiasi. "Kama imevumilia nyuzi 1,280, si naweza kuiweka juu ya mbabula, jiko la makaa?" Hapana. Tanuru linapanda taratibu, saa kwa saa, na chombo kizima kinapata moto pamoja. Makaa yanachoma kitako peke yake, kitako kinatanuka huku ukingo bado baridi, na kinapasuka. Pikia sufuriani, pakulia kwenye kaure.

Kisha wanakuja wenye udongo. Mmoja ananiletea mfuko wa udongo wa kichuguu: "Mama, si ndio huu tunafanyia matofali? Uchome zaidi tu, utakuwa mweupe." Hautakuwa. Wekundu wa tofali ni chuma kilicho ndani ya udongo, na moto hauondoi chuma. Kwenye joto langu udongo huo utavimba, utalegea na kumwagikia kwenye kibao cha tanuru, na kibao kina bei. Weupe wa kaure haupakwi, unatoka kwenye kaolini isiyo na chuma. Wachina walilijua hilo karne nyingi kabla ya Ulaya. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, cha kwanza cha kaure ngumu huko Ulaya, kilianza mwaka 1710 tu, na wale watu hawakukosa kuni. Walikosa udongo na siri yake.

Ndugu wa huyo wa kichuguu ni yule wa kobalti. Kweli, bluu maarufu ya kaure ya China ni kobalti, na kweli sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Katanga. Lakini hilo jiwe jeusi ulilolitoa Kolwezi, usinisagie kwenye glezi ya kikombe. Ndani yake kuna shaba, manganizi, na mengine yana hata urani. Ninachotumia ni oksidi iliyosafishwa, na haihitajiki hata gramu moja kwa gramu mia za glezi kupata bluu kali. Malakiti, lile jiwe la kijani, nayo ni shaba. Inapendeza, ila shaba kwenye glezi inaweza kutoka ikikutana na ndimu au siki, kwa hiyo kwangu inakaa nje ya chombo. Mahali mdomo unapogusa, hapana.

Kuhusu sumu kwa jumla: glezi nyeupe ya joto hili ni feldspa, chokaa na kwatzi, haihitaji madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hofu yako ielekeze kwenye maua mekundu na manjano yaliyobandikwa juu ya glezi, yale unayoyasikia kwa kidole, hasa yakiwa upande wa chakula na yameanza kubanduka.

Mifupa? Iko kwenye aina moja ya Kiingereza, ambayo karibu nusu ya mchanganyiko wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Yangu haina.

Maikrowevu? Ndiyo, mradi haina dhahabu.

"Haina maua, basi punguza bei." Hii ndiyo inayonikasirisha karibu sawa na ile ya kabati. Ua linaficha. Punje moja ya chuma iliyoruka kutoka ukutani mwa tanuru, kwenye sahani yenye maua nani ataiona? Kwenye nyeupe tupu ni doa jeusi, na sahani hiyo siiuzi. Kaure inasinyaa asilimia 12 mpaka 15 kutoka udongo mbichi hadi kuiva, na ikisinyaa inakumbuka kila mahali ulipoikandamiza vibaya; duara linatoka yai. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, gharama ni yangu. Unaponunua moja, zilizokataliwa zimo kwenye bei.

Na kikombe kilichovunjika ukakiunga kwa gundi ya dukani, usinywee tena. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa chai ya moto, na mkono wa kikombe ukibandukia njiani chai inakuangukia mapajani. Kiweke mezani, tia kalamu.