Kabla hujapanda meli ndogo Mwanza

Msimu wa likizo ukikaribia, maswali tunayoletewa na wageni wanaotaka kutembea Ziwa Victoria kwa meli ndogo huwa ni yale yale: nibebe nguo gani, chumba kina choo, nitapata wapi pa kuchaji simu? Ni maswali ya msingi na nitayajibu. Lakini kwa sisi tunaokagua vyombo vya majini, kuna jambo la kutangulia yote hayo, nalo wageni hawaliulizi. Ndani ya meli ndogo, wewe na begi lako ni sehemu ya uzito unaoifanya meli isimame wima au ilale.

Fanya hesabu. Wageni 80, kila mmoja kwa wastani wa kilo 65, ni kilo 5,200 za miili ya watu peke yake. Wakiwa wamekaa huku na huku, meli imetulia. Sasa mmoja apaze sauti, "Kiboko yule!" na wote wapande sitaha ya juu wakimbilie upande wa kulia, simu mkononi. Zaidi ya tani tano zimehama katikati, zimepanda juu na kuegemea ubavu mmoja, tena ndani ya sekunde chache. Meli kubwa haitikisiki kwa hilo, ndogo inalala. Upepo ukiipiga saa hiyo hiyo, au nahodha akiwa anakata kona, hali inakuwa mbaya kabla hajapata muda wa kufanya lolote. Tunaliona sana meli zinapoingia Mwanza, watu wanapojazana upande mmoja kupiga picha Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama majini. Pigeni picha kwa zamu. Baharia akikuambia urudi upande ule, rudi kwanza, sababu utauliza baadaye. Mabegi mazito yakae chini, mahali utakapoelekezwa, na si kwenye paa wala sitaha ya juu.

Ziwa hili limeshatufundisha kwa gharama kubwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ikiwa imezidisha abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kwa hiyo ukifika gatini ukaona watu wanaendelea kupakiwa wakati viti vimeshajaa, usipande. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa huwa imeandikwa kwenye cheti cha chombo, na una haki ya kuuliza. Nauli utaipata tena.

Lingine ni jina lako. Waliokufa MV Bukoba wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja idadi kamili, kwa sababu abiria wengi wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa popote. Kuna familia ambazo hazijawahi kuwa na karatasi inayosema ndugu yao alikuwa mle ndani. Linaniuma kila ninapomwona abiria anasafiri na tiketi yenye jina la mtu mwingine kwa sababu tu aliinunua kwa rafiki. Njoo na kitambulisho cha NIDA au pasipoti, taja jina lako kamili, na mtoto unayempakata naye aandikwe hata kama halipi nauli.

Ukishaonyeshwa chumba au kiti, kabla hujafungua begi, tafuta vitu viwili: njia ya kutokea na jaketi okozi. Tembea mwenyewe kutoka chumbani hadi mahali pa kukusanyikia wakati wa dharura, hesabu milango, gusa vitasa. Taa zikizimika, mkono wako utakuwa umeshaijua njia. Kisha lichukue jaketi ulijaribu. Lisiwe limechanika, mikanda iwe mizima na vifungo vinashika. Lenye filimbi na taa ni bora zaidi. Livae, kaza mikanda, halafu mwambie mwenzako ashike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, halikukai au hukulikaza. Kwa watoto jaribio hili ni la lazima, kwa sababu jaketi la mtu mzima humvuka mtoto akiingia majini. Omba la saizi yake kabla meli haijaondoka. Na tafadhali, jaketi okozi si mto wa kulalia wala wa kukalia. Ukilikandamiza muda mrefu linapungua uwezo wa kuelea. Kama ni lile la kujaza hewa, usilijaze ukiwa ndani ya chumba. Maji yakiingia litakubandika darini ushindwe kupiga mbizi kutoka mlangoni.

Ishara ya dharura ni honi saba fupi ikifuatiwa na moja ndefu. Ukiisikia, acha begi.

Kuhusu hali ya hewa, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote kwenda katikati ya ziwa. Hewa hizo zikikutana juu ya maji yenye joto hupanda na kuunda mawingu mazito. Ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri, hata baada ya mchana wenye jua kali. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa ziwa. Usome siku ya safari. Nahodha akisema tunasubiri, msimshinikize. Nimesikia wageni wakimgombeza nahodha kwa sababu wana ndege ya kuwahi, na inasikitisha kumwona mtu mwenye dhamana ya roho zenu akisukumwa namna hiyo. Panga angalau siku moja ya ziada kati ya meli na ndege.

Mengine ni mepesi. Beba begi laini linaloingia chini ya kitanda, viatu visivyoteleza, na sweta au shuka, maana ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na usiku sitahani kuna baridi. Mchana jua la karibu na ikweta linachoma mara mbili, la juu na la kwenye maji, hivyo kofia ni muhimu. Umeme ni wa volti 230, plagi ya pini tatu bapa; chaji mapema kwa sababu huenda jenereta ikazimwa usiku. Hita ya kuchemshia maji na pasi viache nyumbani. Ukiwa na dumu la petroli la injini ya boti, usilifiche kwenye mizigo, mwambie baharia. Anayetapika safarini ameze dawa saa moja kabla ya kuondoka, akae katikati ya meli na kutazama mbali. Mjamzito amuulize daktari kwanza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na taka zisitupwe majini kabisa, kwani Mwanza inakunywa maji ya ziwa hili hili.

Maji ya kando yanavutia, lakini yana kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono wa ufukweni na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata ukikanyaga maji ya kifundo cha mguu wakati wa kushuka kwenye boti. Omba boti isogezwe hadi pakavu. Kama umelowa, jifute haraka kwa taulo, lakini usiamini kwamba umepona kwa hilo. Subiri wiki sita hadi nane ukapime, dawa ipo na inatibu. Kisiwani Rubondo kuna mamba na viboko, hivyo usiogelee hata kama maji yametulia.

Wakati wa kushuka kaa hadi kamba zifungwe gatini na ubao uwekwe, kwa sababu hapo ndipo watu wote husimama kwa pamoja na kujazana upande mmoja. Mkono mmoja ushike reli. Na kama umeshuka Nansio, kisiwani Ukerewe, ukaamua kulala huko, rudi umwambie baharia afute jina lako kwenye orodha, wasije wakakutafuta majini.