Kukosa jiwe lenye jina si kukosa kaburi

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti Wamarekani Weusi wa enzi za utumwa hawakuwa na makaburi ya familia, walifukiwa popote tu, na ushahidi ni kwamba hakuna mawe yenye majina.

Si kweli. Makaburi hayo yapo, mengi yakiwa kusini mwa Marekani, pembezoni mwa mashamba ya zamani na ndani ya vichaka. Tatizo ni kwamba watu hutafuta marumaru iliyochongwa. Familia nyingi hazikuweza kuinunua, na majimbo kadhaa yalikataza watumwa kufundishwa kuandika. Wakaweka jiwe la kuokota kichwani na jingine miguuni, au ubao ambao umeshaoza. Pwani ya South Carolina na Georgia waliweka makombe ya baharini, pamoja na sahani au kikombe cha marehemu, mara nyingi kikiwa kimevunjwa makusudi. Mpita njia huona takataka, kumbe ni heshima.

Unaweza kuhakiki. Tafuta mabonyeo ya urefu wa mtu yaliyolala mashariki-magharibi. Soma vyeti vya vifo vya vizazi vya baadaye, ambavyo mara nyingi hutaja mahali pa maziko. Rada ya ardhini, kifaa kinachoonyesha kilicho chini ya udongo, husaidia bila kuchimba. Jijini New York, ujenzi wa mwaka 1991 ulifukua mabaki ya Waafrika zaidi ya 400 wa enzi za utumwa mahali ambapo juu hapakuwa na alama yoyote.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Ardhi ikishaitwa tupu, ni rahisi kujengwa, na wapo wajukuu ambao bado wanawatafuta wazee wao.