Jua la Aprili, maji ya Januari

Kila mwisho wa Machi simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu zetu wa miji ya Buffalo na Syracuse, Wakenya, Watanzania na Wakongomani: "Kaka, huku jua limewaka, watoto wametupa makoti. Tuje lini mtoni?" Nami hujibu kwa kuwaambia maji yana nyuzi ngapi. Mapema Aprili huwa nyuzi 1 hadi 4 hivi za Selsiasi. Wengine hunyamaza hapo hapo. Wengine huuliza kama kuna mamba.

Mamba hakuna, wala kiboko. Kazi ya kuongoza rafti za mpira nilijifunza Sagana, kwenye Mto Tana, ambako mto hujaa kwa mvua na mtu akianguka majini tunacheka naye. Siku hizi, majira ya kuchipua, nashusha watu kwenye korongo la Mto Hudson, katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York. Ndiyo, ni Hudson uleule unaopita kando ya Manhattan, ila huku juu bado ni mto wa mlimani, wenye mawe na hasira. Tunaanzia kwenye kijito cha Indian River, chini ya bwawa la Lake Abanakee, tunaungana na Hudson baada ya kilomita kama 5, kisha tunaingia korongoni. Safari nzima mpaka North River ni kilomita zipatazo 27, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina barabara. Hilo la barabara likumbuke, nitalirudia.

Kwanza theluji. Watu hudhani siku moja ya jua kali inatosha kuimaliza. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji joto ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Kwa hiyo jua la Aprili linachimba mlima wa theluji kwa kijiko. Mchana vijito vinachangamka, usiku baridi inashuka chini ya sifuri na vijito vinanywea tena. Msimu wa baridi ukikataa kuondoka, kama unavyopenda kufanya huku, akiba inakaa juu msituni huku kalenda ikisonga.

Kinachoiporomosha akiba hiyo kwa mkupuo ni upepo wa joto wenye unyevu, unaokuja na mvua ya usiku. Kila mtu huilaumu mvua, lakini mvua yenyewe haiyeyushi sana: milimita 10 za mvua ya nyuzi 10 huyeyusha theluji yenye maji ya milimita 1 na kidogo tu. Kazi kubwa hufanywa na mvuke. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji juu ya theluji hutoa joto la kuyeyusha gramu 7 hivi za barafu. Ndiyo maana mimi huogopa usiku wa ukungu wenye joto kuliko mchana wa jua. Mwishoni mwa Aprili 2011, theluji iliyochelewa ilikutana na mvua na joto, na Hudson ukafurika vibaya.

Asubuhi nikiamka naangalia kipimo cha North Creek, kinachosomwa na Idara ya Jiolojia ya Marekani kwa futi. Futi 4 ni mto wa mawe, wa kupita kwa akili. Futi 8 ni mto mwingine kabisa: mawe yamezama, mawimbi yameungana, na yale maji tulivu ya pembeni tunakopumzikia yamefutika. Wageni husikia "maji mengi" na kufurahia mawimbi. Mimi nafikiria mtu aliyeanguka atabebwa umbali gani kabla sijamfikia, na maji yale ni ya baridi kiasi gani.

Ubaridi huo una ratiba yake. Dakt. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, ndiye aliyeieneza hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Wengi wanaogopa ile saa moja. Mtoni anayeua mapema ni ile dakika ya kwanza. Maji ya nyuzi 2 yakikugusa kifua, unavuta pumzi kubwa bila kutaka, na kama uso uko ndani ya wimbi, unachovuta ni maji. Jaketi la uokoaji ni la dakika hiyo. Halafu mikono: kwenye maji yanayokimbia usitegemee zile dakika 10 zote, kwa sababu kila tone uliloanza kulipasha linaondoka na linakuja lingine.

Ndiyo maana huku simwachi mtu aelee mpaka maji yatulie kama tunavyofanya Tana. Aliyeanguka anarudishwa ndani papo hapo. Nawafundisha wageni wakiwa bado nchi kavu: mgeuze akutazame, shika mabega ya jaketi lake, si mikono yake, magoti yako yabane ubavu wa rafti, mzamishe kidogo ili jaketi limsukume juu, kisha jiangushe nyuma wewe mwenyewe. Uzito wako ndio unaomtoa. Mwanamke wa kilo 55 humtoa mwanamume wa kilo 100 kwa njia hiyo, na mume huwa hasemi kitu kwa dakika kadhaa.

Nguo ndizo zinazoleta ubishi. Suti ya neoprini, yaani mpira mnene wenye vijipovu vya hewa, huruhusu maji kidogo yaingie, mwili unayapasha, basi ikikupwaya haina maana. Suti kavu ina mpira mwembamba shingoni na kwenye vifundo vya mikono, hairuhusu maji kabisa, lakini haina joto lake yenyewe. Joto ni la nguo za ndani, za sufu au sintetiki. Pamba hapana. Suruali ya jinzi ikilowa inakunyonya joto mpaka jioni. Kabla hatujapanda, kila aliyevaa suti kavu nampeleka pembeni: chuchumaa, jikumbatie magoti, vuta mpira wa shingo kwa vidole viwili. Hewa inatoka kwa mluzi mrefu. Usipoitoa, ukianguka itakimbilia miguuni na miguu itataka kuelea juu kuliko kichwa.

Njiani nina kipimo kingine, kisicho cha futi. Namwambia mgeni aguse kidole kidogo kwa dole gumba la mkono uleule. Akishindwa, kafi analolishika ni pambo tu, na hawezi kushika kamba akianguka majini. Tunatoka kando, tunaruka-ruka, tunakula kitu cha sukari. Anayetetemeka simwogopi sana. Namwogopa aliyekuwa anatetemeka akaacha, akaanza kusema maneno yasiyonyooka. Huyo hatoki korongoni kwa miguu, na gari halifiki.

Kuna na barafu ya ukingoni. Mto unaposhuka usiku, barafu iliyoganda kwenye usawa wa jana hubaki ikining'inia kama dari, chini yake maji yanapita. Hatusimami juu yake na hatumwelekezi muogeleaji huko, kwa sababu mkondo unaweza kumwingiza chini. Adui mwingine ni mti ulioangushwa na barafu ukalala majini: maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti. Ukipita mwisho wa safari yetu ukielekea chini ya mto, upande wa mji wa Warrensburg, kuna mahali panaitwa Ice Meadows. Kule vijipande vya barafu laini vinavyoganda kwenye maji yanayochafuka husukumwa na kurundikana kingoni, urefu wa kumzidi mtu, na miaka mingine vinakaa mpaka mwisho wa Aprili. Barafu hiyo husugua kingo miti isiote, ndiyo sababu pamebaki nyasi na mimea adimu.

Maji haya ya Aprili yana kazi ya zamani. Kuanzia 1813 mpaka 1950 magogo yaliteremshwa kwenye Hudson kwa maji ya theluji, na wanaume walishinda wamelowa, bila neoprini wala mpira shingoni. Sijui kama ni ushujaa au ni njaa, nadhani njaa.

Tukifika North River, chai ya moto yenye sukari kwanza, nguo kavu, na bia isubiri, maana pombe hupanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto lililobaki. Aliyepoa sana tusimsugue mikono na miguu. Damu ya baridi ikirudi kifuani kwa haraka, hali yake inaweza kuwa mbaya zaidi akiwa tayari kitini.

Siku nyingine naahirisha safari, na wateja hukasirika, hasa waliotoka mbali. Wanaoniambia baridi hawaiwezi kabisa nawashauri wangoje kiangazi, maji yakiwa ya kufunguliwa bwawani. Ila wasije mwishoni mwa Mei wala Juni. Wakati huo usubi wa Adirondack wamekwisha kuamka, na wao hawaangalii umevaa suti gani.