Je, jeshi linaloikalia nchi ya watu linaruhusiwa kuhifadhi sura ya kila mpita njia?

Hebron, mji wa Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, kuna kizuizi namba 56 cha jeshi la Israel, linaloikalia ardhi hiyo. Mkazi wa mtaa wa Tel Rumeida hukipita akienda sokoni, akakipita tena akirudi na mfuko wake wa mboga. Mwaka 2023 shirika la haki za binadamu la Amnesty International lilieleza kuwa kamera za vizuizi vya mji huo zimeunganishwa na mfumo wa akili mnemba uitwao Red Wolf. Mfumo huulinganisha uso wa mtu na kumbukumbu za Wapalestina pekee, kisha huamua kama apite. Uso mgeni huingizwa humo bila mwenyewe kuulizwa. Walowezi wa Kiisraeli hawalazimiki kupita hapo.

Sheria inasemaje? Kanuni za Hague, zinazohusu vita na ukaliaji, ni za 1907, na Mkataba wa Nne wa Geneva, unaowalinda raia vitani, ni wa 1949, kwa hiyo kamera hizi hazikutajwa. Kinachogombaniwa ni Ibara ya 27 ya Geneva. Inaliruhusu jeshi kuchukua hatua za udhibiti na usalama zinazohitajika kwa sababu ya vita, na wanaotetea kamera hushika hapo. Ila ibara hiyohiyo inaanza kwa kuamuru raia aheshimiwe: nafsi yake, heshima yake, familia yake, mila zake. Ruhusa imefungwa kwenye hitaji. Kumsaka mshukiwa mmoja ni hitaji. Kumpiga picha bibi anayerudi na mboga, kila siku, sioni hitaji lake.

Kuna pia haki ya faragha. Israel iliridhia Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1991, ikashikilia kuwa hautumiki nje ya mipaka yake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikataa hoja hiyo mwaka 2004, ilipotoa maoni kuhusu ukuta uliojengwa na Israel katika ardhi ya Wapalestina: mkataba unatumika hata katika ardhi inayokaliwa. Basi kuingilia faragha kunahitaji sheria, sababu na kiasi, tena bila ubaguzi, na mfumo unaowakusanya watu wa kabila moja tu unaanguka hapo hapo.

Julai 2024 mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi: ikasema kuwepo kwenyewe kwa Israel katika ardhi za Wapalestina inazozikalia ni kinyume cha sheria. Ni maoni ya ushauri, si hukumu. Ila hata kama kuwepo huko ni haramu, wajibu wa jeshi wa kumlinda raia haukuondoka. Unaendelea maadamu askari bado amesimama getini.