"Warm white" si balbu hafifu

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, utaambiwa kwamba balbu iliyoandikwa "warm white" ni hafifu, au hutia chumba joto, na kwamba "daylight" ndiyo yenye nguvu. Sivyo. Maneno hayo hutaja rangi ya mwanga tu.

"Warm" ni msemo wa wachoraji, ambao huziita nyekundu na njano rangi za joto, na buluu rangi ya baridi. Fizikia yasema kinyume: chuma kikipashwa moto huwa chekundu kwanza, kisha cha njano, kisha cheupe, na kitu chenye joto kali zaidi hutoa mwanga wa kibuluu. Ndiyo maana kelvini, kipimo cha joto kilichopewa jina la mwanafizikia Lord Kelvin, huipa "warm white" namba ndogo, 2700 hadi 3000, na "daylight" takriban 6500. "Cool white" iko kati, karibu 4000.

Nguvu ya mwanga husomwa kwa lumeni. Wati ni umeme unaoliwa: balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na balbu ya kisasa ya LED hutoa hizo kwa wati 8 hadi 10.

Kosa la kila siku ni kubadilisha balbu mojamoja bila kusoma pakiti. Sebule moja ikiwa na 3000 na 6500, ukuta wa krimu huonekana umepakwa rangi mbili, na fundi wa rangi ndiye hulaumiwa. Linganisha kelvini kwanza, kisha lumeni, kisha kitako: B22 ya pini au E27 ya skrubu.