Kabla ya Kuchora, Tafuta Ukinzani

Tatizo la kihandisi mara nyingi huharibika siku linapoandikwa kwa mara ya kwanza. Mteja anasema, "Tunahitaji pampu kubwa zaidi," na kuanzia hapo mjadala wote unakuwa wa ukubwa wa pampu. Hakuna anayeuliza kama maji yanapotelea njiani, kama bomba limeziba, au kama kazi yenyewe ingewezekana bila maji. Jibu limeshaingizwa ndani ya swali. Ndiyo maana mbinu nzuri za usanifu huanza kwa kumzuia mbunifu asilikimbilie jibu.

Lawrence Miles, mhandisi wa General Electric nchini Marekani, alilishughulikia jambo hili miaka ya 1940, wakati vita vilipofanya malighafi nyingi ziadimike. Badala ya kuuliza ni kitu gani kitachukua nafasi ya kile kilichokosekana, aliuliza: kile kilikuwa kinafanya kazi gani? Kazi hiyo huelezwa kwa maneno mawili tu, kitenzi na jina: kupoza injini, kuzuia vumbi, kubeba mzigo. Zoezi linaonekana jepesi mno, lakini lijaribu kwenye kifaa unachokitengeneza sasa. Aliyeandika "feni" ameshachagua. Aliyeandika "kupoza injini" bado ana feni, ana maji, ana mapezi ya chuma ya kutawanya joto, na ana swali zuri kuliko yote: joto hili linatoka wapi, na je, linaweza kupunguzwa hukohuko linakotoka?

Kwa kifaa ambacho tayari kipo na kinaharibika, swali ni "kwa nini", tena na tena. Taiichi Ohno wa Toyota alitoa mfano unaojulikana sana viwandani. Mashine imesimama kwa sababu fyuzi imeungua. Fyuzi imeungua kwa sababu mashine ilizidiwa. Ilizidiwa kwa sababu beringi haikupata oili ya kutosha, kwa kuwa pampu ya oili haivuti vizuri, kwa kuwa shafti yake imelika, kwa kuwa hakuna chujio na vipande vya chuma vimeingia. Anayebadilisha fyuzi peke yake ataibadilisha tena. Ila kila jibu lithibitishwe kwenye mashine, si kwenye meza ya kikao, na hitilafu ikiwa na vyanzo viwili, vyote viwili vifuatiliwe.

Sehemu inayowashinda wengi ni ile ya katikati: unajua kifaa kinatakiwa kifanye nini, lakini kila unachokiboresha kinaharibu kingine. Ukiongeza unene, kinakuwa imara lakini kizito. Ukiongeza kasi, unapoteza usahihi. Tumezoea kusuluhisha kwa kukutana njiani, unene wa kiasi na kasi ya kiasi. Genrich Altshuller aliikataa suluhu hiyo. Mwaka 1946, akiwa kijana, alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) ya wanamaji wa Kisovieti huko Baku. Kwa miaka mingi alichambua hati za uvumbuzi, akaona kwamba uvumbuzi wenye nguvu ni ule unaouondoa ukinzani wenyewe, yaani mgongano wa mahitaji mawili, na kwamba njia za kuuondoa si nyingi: zinajirudia hata katika fani zisizohusiana kabisa. Makala ya kwanza kuhusu mbinu hiyo aliichapisha mwaka 1956 pamoja na Rafael Shapiro. Leo inaitwa TRIZ, kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya nadharia ya kutatua matatizo ya uvumbuzi, na orodha yake ina kanuni 40.

Orodha hiyo inasaidia, lakini kwa maoni yangu faida kubwa iko kwenye kuandika ukinzani kwa ukali: kitu kilekile lazima kiwe hivi, na lazima kisiwe hivi. Magurudumu ya ndege lazima yawepo, la sivyo ndege haitui. Lazima yasiwepo, kwa sababu angani yanafanya hewa iizuie ndege zaidi. Je, mahitaji haya mawili yanatakiwa kwa wakati mmoja? Hapana. Basi yatenganishwe kwa wakati, magurudumu yakunjwe ndege ikisharuka. Miwani ya kuonea karibu na mbali imetenganisha kwa mahali: sehemu ya juu ya lenzi ina nguvu moja, ya chini nyingine. Mnyororo wa baiskeli ni mgumu katika kila pingili na unapinda ukiwa mzima. Hapo sehemu na jumla ndizo zimetenganishwa.

Altshuller alisisitiza pia kufikiria matokeo bora kabisa, yaani kazi inafanyika huku kifaa chenyewe hakipo. Chukua maabara inayopima jinsi asidi inavyokula aloi, yaani mchanganyiko wa metali. Sampuli inatumbukizwa kwenye chombo chenye asidi, na asidi inakula chombo pia. Unaweza kununua chombo cha metali ya thamani kisicholika. Au chombo kisiwepo: sampuli yenyewe itobolewe shimo lisilotokea upande wa pili, asidi imiminwe humo.

Mawazo yakishapatikana, yalinganishwe na muundo mmoja unaojulikana, kigezo kwa kigezo: bora, sawa, au duni. Jedwali la namna hii, lililoenezwa na mhandisi Mwingereza Stuart Pugh, halitakiwi kukuchagulia mshindi. Linakuonyesha wazo lipi linaweza kuazima ubora wa jingine.

Katika majaribio kuna kosa moja ambalo bado linafundishwa kama uangalifu: kubadilisha kigezo kimoja tu kila mara, kama joto au muda, na kuacha vingine vilivyo. Ronald Fisher, mwanatakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alilipinga tangu miaka ya 1920. Gundi inaweza kushika vizuri kwenye joto kubwa ikiwa tu muda wa kukandamiza ni mfupi. Anayepandisha joto bila kugusa muda atahitimisha kwamba joto linaharibu. Kwa vigezo vitatu, kila kimoja kikiwa na viwango viwili, mchanganyiko wote ni majaribio 8, na matokeo yake yanaonyesha athari ya kila kigezo pamoja na jinsi vigezo vinavyoathiriana.