Je, wajua kwa nini kigari cha mbao cha kushindana kuteremka mteremko hubebeshwa mzigo nyuma na sio mbele?

Mi nilikuwa na uhakika kabisa. Tumekaa kibarazani hapa Kisasa, Dodoma, mimi na mwanangu wa miaka tisa, tuna kipande cha mpaini nilichookota kwa fundi seremala, ekseli za spoki ya baiskeli, magurudumu tumekata kwenye ndala iliyochakaa, nikamwambia mwanangu, hizi nati tatu zifunge mbele kwenye boneti, ndo zitakazolivuta gari chini. Akafunga. Tukapigwa mara tano mfululizo na binti wa jirani ambaye betri zake za redio kazifunga kwa selotepu huko mkiani.

Mchezo wenyewe una wenyewe. Mwaka 1953, Don Murphy aliwaanzishia maskauti wadogo mbio kama hizi Manhattan Beach, California, kule Marekani, gari la mbao bila injini linaachiwa juu ya mteremko, na mpaka leo kwao uzito kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi wakia 5, yaani kama gramu 142.

Sasa kosa langu. Nadhani linatokana na kuona ng'ombe yuko mbele ya mkokoteni na kichwa cha treni kiko mbele ya mabehewa, basi akili inasema kinachovuta hukaa mbele. Lakini ng'ombe ana miguu na treni ina injini, nati haina chochote. Dunia inaivuta nati kwenda chini tu, iwe kwenye boneti au kwenye buti, na wala haijui mbele ni wapi. Kosa la pili, ambalo nalo nililitetea kwa sauti, ni kwamba kizito huteremka haraka kwa sababu ni kizito. Hapana. Angusha tofali na kokoto pamoja uone. Uzito unasaidia kweli, ila kwa njia ya kuzunguka: gari zito halisumbuliwi sana na upepo, na sehemu ya nguvu inayopotelea kwenye kuzungusha magurudumu inakuwa ndogo ukilinganisha na nguvu yote.

Haya, kwa nini nyuma? Ubao wetu una futi 8, umeegemea ukuta wa mita 1.2, halafu inafuata saruji tambarare kama mita 6 (kwenye maungio tumetandika kipande cha kapeti la plastiki, la sivyo pua inajikita). Gari likiwa juu ya ubao, mkia uko juu kuliko pua. Kwa hiyo mzigo wa mkiani unaanzia juu zaidi, na kilichoanzia juu zaidi kina safari ndefu zaidi ya kuanguka. Ni kama simtanki, ukilipandisha mnara kwa tofali mbili tatu bomba linatoka kwa nguvu zaidi na maji ni yale yale.

Ila mi kilichonifungua macho ni mkokoteni wa madumu. Wafikirie vijana wawili wanasukuma mteremkoni, nguvu sawa, madumu sawa, wanakwenda bega kwa bega. Mmoja anaachia pale tu magurudumu ya mbele yanapogusa tambarare, mwingine anaendelea kusukuma hadi ya nyuma nayo yatoke kwenye mteremko. Huyo wa pili kazidisha hatua moja tu, lakini mkokoteni wake unaondoka. Mzigo wa nyuma ndo huyo kijana wa pili, pua imeshafika kwenye saruji, wenyewe bado uko ubaoni unasukuma.

Kwa mteremko wetu, ukirudisha kitovu cha uzito (pale gari linapokaa sawa ukiliegemeza juu ya kidole) nyuma sentimita 8 unakiinua sentimita 4 hivi. Kidogo sana, lakini kwa hesabu tupu, bila msuguano, inakupa kama sentimita 10 za kuongoza kwenye zile mita 6. Binti alikuwa anatushinda kwa zaidi ya hapo, kwa hiyo kuna kitu kingine, na namshuku grisi. Nilipaka grisi, vumbi la Dodoma likaja kukaa. Unga wa penseli ukikwangua unateleza vizuri zaidi na uko mkavu, ingawa nao sio grafaiti tupu, una udongo ndani.

Usirudishe mzigo mpaka mwisho kabisa lakini, pua ikiwa nyepesi mno gari linayumba na kugonga kingo. Wazoefu huacha kitovu sentimita 2 hivi mbele ya ekseli ya nyuma. Na mstari wa mwisho ukiwa bado kwenye mteremko, hakuna tambarare, ujanja wote huu hauna kazi, tulijaribu barabarani kwenye kilima tukatoka sare.

Nikamuuliza binti nani kamfundisha kuweka betri nyuma. Akasema hakuna, mbele kuna dereva.